Mfanyakazi Aliyehama: Je, Amefanya Khiyana?

Malalamiko haya hayakatiki barazani. Mwenye duka hulalama kuwa kijana aliyemfundisha kupima na kuandika hesabu amekwenda zake kwa jirani. Mwenye nyumba hulalama kuwa mtumishi ameaga kwenda kumzika shangazi na hakurudi. Mwenye chombo hulalama kuwa mabaharia wake jana walikuwa wake, na leo asubuhi amewaona wakivuta nyavu za mtu mwengine. Na mwisho wa malalamiko yote ni neno moja: watu wa siku hizi hawana amana. Neno hili ni zito. Khiyana si kama uvivu wala ujinga. Ni dhambi, na haifai mtu kumtia mwenzake dhambini kwa sababu tu kuondoka kwake kumemletea yeye khasara. Basi tumeona yafaa jambo hili lipimwe kwa mizani, lisiachwe kuwa maneno ya kupitishia jioni.

Tumependa kulipima mbali na kwetu, kwa wafanyakazi wa Homa Bay na Migori, kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, moja imeikumbatia ghuba ya ziwa, na ya pili imepakana na Tanzania. Mtu huwa mwadilifu zaidi akihukumu kesi isiyogusa mfuko wake, na Mwambao tutarudi baadaye, hukumu ikiwa imekwisha kukatwa. Tena huko kuhama si jambo la nadra. Mtu mmoja aweza kuuanza mwaka akiwa mvuvi Mbita, katikati yake akawa mchimba dhahabu Nyatike, na akaumaliza akikata miwa Awendo. Mwenye kumtazama kwa mbali atasema huyu hana utulivu. Mwenye kumfuata hatua kwa hatua ataona khabari nyengine.

Tuanze na ziwa. Samaki wakubwa wa huko ni mbuta, ambao upande wa Tanzania huitwa sangara. Na samaki wadogo ni omena, ambao sisi twawajua kwa jina la dagaa. Hawa na wale hawakai mahali pamoja. Upepo hugeuka, maji hubadilika, magugu ya majini huja yakafunga ufuo mzima mashua zisiweze kutoka, na wavuvi hapana budi wafuate: kutoka ufuo wa bara kwenda Rusinga na Mfangano, kutoka huko kwenda visiwa vya mbali kama Remba, na wengine hufika hata Migingo, jiwe dogo lililojaa mabati na watu, ambalo tangu mwaka 2008 au 2009 limekuwa likibishaniwa na Kenya na Uganda. Jambo hili wala si geni kwetu. Wapemba huja dago kila kaskazi, wakapiga kambi Shimoni, Watamu na hata Lamu, na msimu ukigeuka wakarejea kwao. Hatujapata kusikia mtu akimwita mwenda dago mkhaini. Twajua kuwa amemfuata samaki. Basi la kwanza la kuandikwa katika kesi hii ni kuwa, mara nyingi, kazi ndiyo huhama kwanza, na mtu huifuata.

Lakini tusiseme kuwa sababu zote ni samaki, maana wako wavuvi wanaohama ilhali samaki wapo tele. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo tutakapokaa.

Mvuvi wa ziwani aghalabu hana mashua wala nyavu. Vyote hivyo ni vya tajiri, ambaye huenda hata maji hayamlowani miguu. Wala mvuvi hana mshahara wa mwezi. Pato la usiku huondolewa kwanza gharama za mafuta na vyakula, kisha linalosalia hugawanywa: fungu la mwenye mashua na nyavu, na fungu la watu. Usiku wa pato jema, kila mmoja hushukuru. Usiku wa pato bovu, gharama zimekula kila kitu, na mtu hurudi pwani mikono mitupu. Tena omena huvuliwa kwa taa katika giza, na siku za mbalamwezi kazi husimama. Watoto wa mvuvi hawajui khabari za mbalamwezi, wataka kula. Basi huenda kwa tajiri akaomba pesa za mbele, naye tajiri humpa, na hapo huandikwa deni. Mwezi unaofuata deni hupunguzwa kidogo na huongezwa kidogo. Mwaka ukipita, mvuvi huyu si mfanyakazi tu wa tajiri, bali ni mdaiwa wake, na hajui ni lini fungu lake limeishia na deni limeanzia, kwa sababu daftari li mikononi mwa mtu mmoja.

Siku moja mvuvi huyu husikia kuwa ufuo wa pili uko mwenye mashua anayegawa fungu lililo sawa zaidi, au pengine fungu ni lile lile lakini hesabu huhesabiwa mbele ya watu wote. Usiku huo huo akahama. Asubuhi tajiri wa kwanza akapiga kelele: Mwizi! Amekwenda na pesa zangu!

Je, ni mwizi?

Kabla hatujajibu, yatupasa tutazame namna watu walivyojaribu kumzuia mtu kama huyu katika zama zilizopita. Sheria iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 achukue kipande. Ndani ya kipande ziliandikwa alama za vidole vyake, jina la bwana wake, mshahara wake, na siku aliyoingia kazini. Karatasi yenyewe ilitiwa ndani ya kikebe, na kikebe kikaning'inizwa shingoni. Bwana asipotia saini kuwa amemwachilia, mtu hakuweza kupata kazi kwengine. Na akiondoka hivyo hivyo huitwa mtoro, akatafutwa na kushitakiwa kama mtu aliyevunja sheria ya nchi. Watu wa Nyanza ya kusini waliokwenda kuchuma majani ya chai Kericho, au waliokuja kupakua meli hapa Mombasa, walikuja na vikebe hivyo shingoni, na mambo haya hayakuondoka ila mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sisi watu wa Mwambao neno mtoro twalijua tangu zamani zaidi ya hapo. Babu zetu walilitumia kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na utumwa katika sheria za Mwambao haukufutwa hadi mwaka 1907. Mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza iliwakomboa watoro wengi waliokuwa wamekimbilia Rabai, na ilifanya hivyo kwa kuwalipa mabwana wao fidia. Msomaji na afikiri kidogo juu ya hesabu ile. Aliyefanya kazi miaka kumi bila ya ujira hakulipwa kitu. Aliyekula kazi yake ndiye aliyelipwa, kwa sababu mtu wake ameondoka! Ndiyo maana hatupendi kuliona neno lile likihamishwa kutoka kwa mtumwa likatiwa katika daftari la mfanyakazi huru. Likishaandikwa humo, maana yake huja nalo.

Katika siku zetu hizi vikebe havipo. Iko barua. Kando ya ziwa, kila ufuo una chama chake cha kuusimamia, ambacho watu hukiita kwa herufi zake, BMU, na vyama hivi viliwekewa kanuni nchini Kenya mwaka 2007. Mvuvi ahamiaye ufuo mwengine hutakiwa aje na barua kutoka ufuo alikotoka. Hatusemi kuwa barua hii ni kipande. Tofauti ni kubwa: kipande kiliwekwa na serikali ya kigeni na kutiwa saini na bwana, na barua hutolewa na chama ambacho mvuvi mwenyewe ni mwanachama wake na ana kura ndani yake. Nayo ina faida, maana wako waibao nyavu za watu wakatokomea, na wako wavuao kwa nyavu za macho madogo wakamaliza makinda. Lakini pale ambapo wenye mashua ndio wenye sauti katika chama, na mvuvi akanyimwa barua kwa sababu tu ana deni la mmoja wao, basi jina limebadilika na kikebe kiko pale pale.

Husemwa pia kuwa kuhama ni tabia ya watu fulani, kwamba hawakuzoea kutulia. Hili nalo lina jawabu lake, na jawabu liko hapa hapa bandarini kwetu. Katika miaka ya 1930 na 1940, wakubwa wa Mombasa hawakuwa na neno ila kumlaumu kibarua wa gatini: hufanya kazi siku hizi na siku zile hazionekani, leo yuko kwa kampuni hii na kesho kwa ile, mwezi ujao amerudi kwao. Wakaamini kuwa huo ndio umbile wake. Kumbe aliyelipwa kwa siku aliishi kwa siku. Yakaja magomo, la mwaka 1939, kisha lile kubwa la Januari 1947 lililousimamisha mji mzima, kisha la wapakuzi mwaka 1955, ambalo Tom Mboya alikuja kulipatanisha na wapakuzi wakapata nyongeza ya kiasi cha thuluthi moja ya ujira wao. Wakati huo huo kazi ya gatini ikatolewa katika mambo ya siku kwa siku, ikawa kazi ya kuandikwa. Watu wale wale waliosemwa kuwa hawatulii wakatulia, wengine mpaka wakazeekea humo. Mboya mwenyewe kwao ni Rusinga, kisiwa tulichokitaja hapo juu, na ndiko alikozikwa mwaka 1969.

Tukitoka ziwani tukaenda Migori twakuta jambo lile lile kwa sura nyengine. Mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, na watu wakabaki wakichimba wenyewe kwa sururu na ndoo katika Nyatike yote. Mwenye ardhi ana fungu lake, mwenye shimo ana lake, na wachimbaji hugawana magunia ya mawe. Gunia laweza kuwa na dhahabu, na laweza kuwa mawe tu. Kisha huja kusaga, na kuosha, na kuikamata dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu, na wanaoishika kwa mikono ni wengi, wanawake wakiwemo. Mtu mwenye akili timamu ataiachaje kazi ya kiwandani akaingia shimoni? Jibu ni kuwa kiwanda nacho kina khabari zake. Kiwanda cha sukari cha Sony hapo Awendo kilianza mwaka 1979, na wengi wamesomesha watoto kwa jasho la pale. Lakini imepita miaka ambayo mishahara ilichelewa miezi kadhaa, na mwezi Mei 2025 Serikali ikakikodisha kwa kampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 30, pamoja na viwanda vyengine vitatu. Mshahara ulioandikwa kwenye karatasi na haufiki ni mdogo kuliko gunia la mawe. Gunia angalau laweza kupasuliwa leo.

Twaona basi kuwa kinachomwondoa mtu si uchache wa ujira peke yake. Wako wengi wanaovumilia kidogo kwa miaka, maadamu kidogo hicho chajulikana na chafika siku yake. Kinachowaondoa ni kutojua: kutojua fungu litakuwa lipi, mshahara utakuja lini, daftari limeandikwa nini. Mtu hawezi kumwahidi mwenye nyumba kodi, wala mwalimu karo, kwa kitu asichokijua. Akiona mahali penye kujulikana, hata kama si kingi zaidi, huenda.

Sasa turudi kwenye deni, maana hatujamaliza. Mfano wake ulio wazi kabisa ni wa wakulima wa tumbaku wa Migori, khasa upande wa Kuria. Kampuni humpa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, na siku ya kuuza hukata chake kwanza. Mkulima hawezi kumuuzia mwengine, na akitaka kuacha zao hilo hana budi kwanza aimalize hesabu, nayo hesabu haimaliziki kwa wepesi. Tangu mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali yamewasaidia maelfu ya wakulima wa kaunti hiyo kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe, wakapewa mbegu na wakatafutiwa soko. Wanaodhani kuwa mkulima alikuwa anaipenda tumbaku na watazame jinsi watu walivyoiacha walipofunguliwa mlango.

Wanazuoni wetu wametenganisha mambo haya mawili tangu kale, na laiti tungaliyatenganisha nasi. Deni hukaa katika dhima ya mtu. Halikai katika mikono na miguu yake. Mwenye kudai ana haki ya mali yake, na mdaiwa mwenye uwezo akikataa kulipa huyo ni dhalimu bila ya shaka. Lakini mwenye kudai hana haki ya kummiliki mdaiwa, na mdaiwa asiye na kitu amewekewa na dini yetu muhula mpaka apate. Kuajiriwa ni mapatano mengine: kazi fulani, au muda fulani, kwa ujira unaojulikana. Na ujira usiojulikana huyatia mapatano yenyewe dosari tangu mwanzo. Basi mvuvi wetu aliyehama usiku, twamhukumu hivi: kuhama kwake si khiyana, maana hapakuwa na muda waliopatana. Deni analo, tena atalilipa, na kuondoka kimya kimya ili lisijulikane alipo ni kosa lake. Lakini deni hilo na lihesabiwe mbele ya mashahidi, kutoka mwanzo wa daftari, na tajiri naye alete hesabu ya mafungu yote. Huenda ikaonekana kuwa mwenye kudai ni yule aliyekimbia.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunamtetea kila aondokaye. Tajiri wa mashua naye ni mtu. Nyavu zake huibwa, mashua yake huvunjwa na dhoruba, na wengine walikopa ili kuinunua. Baharia anayemwacha mwenzake katikati ya safari, akijua kuwa mashua haiendeshwi na watu wawili, amefanya jambo baya hata kama fungu lake ni dogo. Na mwenye mshahara wa mwezi amewekewa na sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 atoe ilani ya maandishi ya siku 28, sawa na anayopaswa kupewa yeye. Mwenye kupokea mshahara Ijumaa na Jumamosi hajulikani alipo hana udhuru wa kusema alidhulumiwa, ikiwa hakudhulumiwa. Ilani ni pande mbili. Twaona kuwa wanaolalama sana juu ya ilani wasiyopewa ni wale wale wanaomwambia mtu jioni, kesho usije.

Liko pia jambo la nyumbani, ambalo barazani halitajwi. Mtu wa Homa Bay akihama kazi, hahami kwao. Kwake ufuo ni mahali pa kupata, na boma la wazee wake lililoko mlimani ndilo kwao, na ndiko atakakorudishwa akifa. Mke na watoto hubaki huko. Kila ahamapo, umbali huongezeka, na fedha zinazofika hupungua, na wakati mwengine huko aliko huanzisha nyumba ya pili. Hapa khasara haimpati tajiri hata kidogo, na ndiyo maana hatuisikii ikilalamikiwa. Na wako wanawake wanaonunua samaki pwani kwa ajili ya kuuza, ambao nao huhama ufuo kwa ufuo, na baadhi yao wameingizwa katika desturi iitwayo jaboya, ya mvuvi kutompa mwanamke samaki ila kwa kujitoa mwili wake. Twaona haya kueleza zaidi. Mwanamke wa namna hiyo akihama ufuo, yuko atakayemwuliza kwa nini hakuaga?

Tulisema tutarudi Mwambao. Watoto wetu wengi, wake kwa waume, wako Ghuba kwa kazi, wakitoka Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu. Tumelia, na tulikuwa na haki ya kulia, juu ya desturi ya kafala, ambayo mfanyakazi hakuweza kubadilisha bwana pasi na idhini ya bwana wa kwanza, na paspoti yake hufungiwa sandukuni. Qatar iliiondoa idhini hiyo mwaka 2020. Saudia ililegeza mwaka 2021, lakini katika mageuzi hayo watumishi wa majumbani hawakutiwa, na hao ndio binti zetu. Tukisikia binti ametoroka nyumba ya bwana wake huko Riyadh, hakuna hata mmoja wetu asemaye amefanya khiyana. Twauliza: alifanyiwa nini?

Na katika nyumba zetu, Old Town na Majengo, Likoni na Kisauni, wako wasichana waliotoka Migori na Homa Bay wanaotupikia na kutulelea watoto. Siku ya kwanza alipokuja tulimwomba kitambulisho ili tuandike namba yake. Katika nyumba ngapi kitambulisho hicho bado kimo ndani ya mtoto wa kabati, chini ya nguo, na ufunguo uko kwa bibi wa nyumba, na mshahara wa mwezi uliopita umewekwa nyuma ili asije akaondoka?